Mahabusu Wahesabiwe na Hesabu Itangazwe

Tarehe 9 Desemba, 2019, katika sherehe za Uhuru zilizofanyika Mwanza, Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Hesabu hiyo haikuwa ya kukisia. Kila mmoja katika hao alikuwa na jina lake, kosa lake, muda wa kifungo chake na gereza lake, na ili orodha ipatikane maofisa wa magereza hawakuwa na budi kufungua vitabu na kuhakikisha mtu kwa mtu. Tunalikumbusha jambo hilo kwa sababu lathibitisha kwamba nchi yetu inao uwezo wa kuwahesabu watu wake walio nyuma ya kuta, hata mtu wa mwisho, kila inapoamua kufanya hivyo.

Lakini msamaha ule haukumgusa mahabusu hata mmoja, wala usingeweza kumgusa. Kwa mujibu wa Katiba, Rais humsamehe mtu aliyetiwa hatiani. Ambaye hajahukumiwa hana cha kusamehewa. Basi ikawa kwamba aliyeiba, akahukumiwa na kutumikia sehemu ya kifungo chake, alifunguliwa mlango akarudi kwao, na aliyekuwa ng'ambo ya ukuta katika gereza lile lile, kwa tuhuma tu, akabaki akingojea tarehe ya kutajwa kwa kesi yake. Hatusemi kwamba msamaha ulikosea. Tunasema kwamba katika miaka ile ambayo nchi iliwahesabu wafungwa wake kwa makini namna hiyo, karibu nusu ya watu wote waliokuwa magerezani walikuwa mahabusu, na habari zao ziliwafikia wananchi kwa jumla tu.

Miezi mitano kabla ya hapo, Julai 2019, Rais huyo huyo aliingia katika Gereza la Butimba, mjini Mwanza, akawasikiliza waliomo. Walimweleza habari za kesi zilizokaa muda mrefu bila kusikilizwa, na za watu waliosema wamebambikiwa makosa. Baada ya ziara ile viongozi wa sheria, akiwamo Mkurugenzi wa Mashitaka, walizunguka magerezani, mafaili yakapitiwa, na watu wengi wakaachiwa. Lilikuwa jambo jema. Hata hivyo sisi tunajiuliza: ikiwa Mkuu wa Nchi alihitaji kuingia gerezani kwa miguu yake ili ajue kwamba kuna watu wamekaa miaka bila hukumu, mkulima wa Ikungi au mfugaji wa Mkalama ana njia gani ya kujua?

Katika usemi wetu wa kila siku mtu aliyekamatwa "yuko ndani". Mwananchi akikuambia hivyo, hujui yuko ndani ya nini. Huenda amefungiwa katika chumba cha ofisi ya kata kwa sababu hakulipa mchango wa ujenzi wa madarasa. Huenda yuko selo, katika kituo cha polisi, akihojiwa. Huenda yuko rumande katika Gereza la Singida, la Manyoni au la Kiomboi kwa amri ya Hakimu. Au tayari amehukumiwa na anatumikia kifungo chake. Kwa jamaa zake nyumbani yote hayo ni "ndani". Mbele ya sheria hayo ni mambo manne yaliyo mbalimbali, na kinachoyatofautisha zaidi ya unene wa kuta ni kitabu: nani ameandika kwamba mtu huyu ameingia, saa ngapi, kwa amri ya nani, na nani mwingine amepelekewa habari hiyo.

Tuanze penye nafuu, yaani magerezani. Chini ya Sheria ya Magereza ya mwaka 1967, Mkuu wa Gereza hampokei mtu pasipo hati ya kumweka humo. Asubuhi na jioni watu huhesabiwa, na mlango haufungwi hadi hesabu ya vichwa ilingane na hesabu ya kitabu. Jiko nalo hufuata hesabu hiyo hiyo, maana unga na maharage hupimwa kwa vichwa. Hivyo kila siku iendayo kwa Mungu, kabla jua halijapanda, kuna mpishi katika Gereza la Manyoni ajuaye barabara ni watu wangapi wamelala humo. Mpishi anajua; msomaji wa gazeti hili, ambaye kodi yake ndiyo iliyonunua unga huo, hajui.

Hesabu za magereza hupanda ngazi hadi Makao Makuu, na Waziri wa Mambo ya Ndani anapowasilisha bajeti yake Bungeni hutaja jumla ya nchi nzima. Jumla hiyo ina faida yake. Kwayo tumepata kujua kwamba katika miaka ya mwisho ya 2010 nafasi halali ya magereza yote ilikuwa chini kidogo ya watu 30,000, na kwamba waliomo walizidi idadi hiyo kwa maelfu. Lakini jumla ya nchi haimwonyeshi mtu hali ya Kiomboi. Wala haisemi kila mmoja amekaa kwa muda gani. Mahabusu 100 waliokaa wiki mbili, na mahabusu 100 waliokaa miaka minne, katika jumla ni 100 tu.

Na muda ndio kiini cha jambo hili. Kwa desturi ya Mahakama zetu mahabusu hurudishwa mbele ya Hakimu kila baada ya siku 14. Kesi hutajwa, mwendesha mashitaka hueleza kwamba upelelezi haujakamilika, tarehe nyingine hupangwa, gari la magereza huwasha moto na kurudi. Katika mwaka mmoja mtu aweza kuyasikia maneno hayo hayo mara 26. Kwa mashauri ya mauaji hali ni nzito zaidi, kwa kuwa Hakimu wa Wilaya hana mamlaka ya kuyasikiliza wala ya kutoa dhamana. Kwa miaka mingi mashauri ya namna hiyo yaliyotoka Iramba, Manyoni na Singida yalingojea Majaji wa Mahakama Kuu Kanda ya Dodoma waje kwa vikao, na kikao kilipochelewa wote walichelewa nacho: mshitakiwa, mashahidi, hata jamaa wa marehemu waliokuwa wakidai haki.

Wilaya ya Manyoni ina habari yake ya pekee. Ndiyo wilaya yenye mapori makubwa ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, na watu hukamatwa humo kwa kukutwa na nyama au nyara za Serikali. Makosa hayo huangukia katika sheria ya uhujumu uchumi ya mwaka 1984, na kwa muda mrefu ilikuwa kwamba thamani ya kinachoshitakiwa ikifika shilingi milioni 10, Hakimu wa Wilaya hakuweza kutoa dhamana. Mshitakiwa alipaswa kuiomba Mahakama Kuu. Tembo mmoja, au twiga mmoja, kwa bei iliyopangwa na Serikali, hupita kiwango hicho. Mtu wa Itigi asiye na wakili wala nauli ataiombaje Mahakama Kuu? Hatumtetei jangili. Ikiwa ameua tembo, ahukumiwe na afungwe. Tunachosema ni kwamba sababu zinazojaza Gereza la Manyoni huenda si zile zinazojaza la Kiomboi, ambako wizi wa mifugo umekuwa ukiwasumbua wananchi tangu zamani. Na kiongozi anayeletewa hesabu ya mkoa mzima katika mstari mmoja hawezi kujua aanzie wapi.

Lipo kundi jingine ambalo halimo katika jumla yoyote inayotangazwa, nalo ni la wale waliopewa dhamana wakashindwa masharti yake. Mkulima wa kwetu ana ng'ombe kumi, ana shamba la alizeti, ana nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, na hana hati ya kitu chochote katika hivyo. Mahakama inamtaka mdhamini mwenye barua ya mtendaji, kitambulisho, na pengine mali isiyohamishika yenye karatasi. Mdhamini huyo anaishi kilomita 80 kutoka mjini na siku ya kesi ni siku ya palizi. Kitabu cha Mahakama kimeandika kwamba dhamana iko wazi. Kitabu cha gereza kimeandika kwamba mtu yumo. Vitabu hivyo viwili vyote vinasema kweli, na kwa kuwa hakuna anayeviweka mezani pamoja, mtu huyo atakula chakula cha Serikali mwaka mzima kwa kosa ambalo Hakimu mwenyewe ameona halimzuii kulala nyumbani kwake.

Tukitoka magerezani tukaenda vituo vya polisi, kitabu kinaanza kuwa chembamba. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inataka mtu aliyekamatwa bila hati afikishwe mbele ya Mahakama ndani ya saa 24, au mapema iwezekanavyo. Hilo wananchi wengi wanalijua, na mara nyingi hulitaja wanapogombana na askari. Lisilojulikana sana ni kwamba sheria hiyo hiyo inamtaka mkuu wa kituo ampelekee Hakimu aliye karibu, ndani ya muda huo huo, taarifa ya watu wote waliokamatwa bila hati katika eneo lake, wawe wamepewa dhamana au hawakupewa. Maana yake ni kwamba Bunge lilikwisha kuliona jambo tunalolisema leo, likaliwekea dawa. Kama kifungu hicho kingefuatwa kila siku na kila kituo, Hakimu wa Manyoni angeingia ofisini asubuhi akakuta mezani orodha ya watu waliolala selo usiku uliopita toka Itigi hadi makao makuu ya wilaya, na mtu ambaye hayumo katika orodha siku ya tatu, wala hayuko mahakamani, wala hakurudi nyumbani, angeonekana kwa kukosekana kwake.

Kwa sasa anayeijua hesabu ya selo za polisi kuliko wote ni mama mwenye chakula. Inafahamika kwamba mtu akiwa polisi jamaa zake ndio humlisha. Mama hufika na ugali wa uwele na mlenda katika bakuli lililofungwa kwa kitambaa, hungoja nje, huulizwa jina la mtu wake, huonja chakula mbele ya askari, na bakuli huingia. Likirudi tupu, yumo. Likirudi kama lilivyokwenda, moyo wake huanza kumdunda, na huanza safari ya kuzunguka kituo kwa kituo akiuliza. Haifai kamwe, katika nchi yenye Katiba na Mahakama, bakuli la ugali liwe ndiyo taarifa rasmi ya mahali alipo raia.

Kisha kuna mamlaka ya viongozi wa utawala. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 iliwapa Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa muda usiozidi saa 48, ili kuzuia hatari kwa amani. Sheria hiyo haikuwapa uwezo huo mtupu. Iliwataka waandike sababu, na sababu hizo zimfikie Hakimu. Katika miaka iliyofuata 2015 tulishuhudia nchini namna amri hizo zilivyotolewa kwenye mikutano ya hadhara, mbele ya kamera, dhidi ya watumishi waliochelewa kazini na wananchi waliouliza maswali, hadi viongozi wa juu wa Serikali wakawaonya wenzao hadharani. Katika amri hizo zote, ni ngapi ziliandikwa kama sheria ilivyotaka? Amri ya mdomo haina kivuli. Saa 48 zikiisha mtu hutoka, hakuna faili, hakuna kosa, na wala hakuna wa kumwuliza.

Ngazi ya chini kabisa ndiyo yenye kitabu chembamba kuliko zote, nayo ni ofisi ya kata na ya kijiji. Wazee wa mkoa huu hawahitaji kukumbushwa habari za kodi ya kichwa na, baadaye, kodi ya maendeleo iliyofutwa mwaka 2003. Mgambo walikuja alfajiri, waliokosa stakabadhi wakakusanywa, wakafungiwa katika stoo au chumba cha ofisi hadi jamaa zao wauze mbuzi. Kodi ilifutwa, lakini chumba kilibaki, na baadhi ya watendaji wamekitumia kwa ajili ya michango. Chumba hicho si gereza wala si kituo cha polisi. Hakina kitabu cha kuingia, hakina hesabu ya jioni, na mtu akiumia humo hakuna ukurasa utakaoonyesha kwamba aliwahi kuwamo.

Wako watakaosema kwamba tunalikuza jambo dogo, kwamba kitabu ni kitabu tu, na kwamba askari na mtendaji wana kazi nyingi. Hao tunawaomba wavuke nasi mpaka wa mkoa, waende Shinyanga na Mwanza mwaka 1976.

Katika miaka ile vikongwe, hasa wanawake, waliuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi. Serikali ilikasirika, na ilikuwa na haki ya kukasirika. Januari 1976 ikaanzishwa operesheni ya vyombo vya usalama kuwatafuta wauaji. Watu wengi walikamatwa na kuwekwa katika mahabusu mbalimbali za mikoa hiyo miwili, wakahojiwa kwa mateso, na baadhi yao wakafa mikononi mwa waliowashika. Habari zilipochunguzwa na kuthibitika, Januari 1977, Waziri wa Mambo ya Ndani, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Walijiuzulu pia Ndugu Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi aliyehusika na usalama, na Wakuu wa Mikoa ya Mwanza na Shinyanga, Ndugu Peter Kisumo na Ndugu Marco Mabawa. Baadaye maofisa kadhaa walifikishwa Mahakamani na kuhukumiwa.

Ndugu Mwinyi, aliyekuja kuwa Rais wetu mwaka 1985 na kufariki dunia Februari 2024, amesifiwa sana kwa kitendo kile, na anastahili sifa. Alibeba dhamana ya kisiasa kwa jambo ambalo hakulitenda. Lakini tangu hapo tumezoea kulitumia tukio la Shinyanga kufundisha somo la kujiuzulu tu, kana kwamba yaliyotokea huko yalikuwa yakingojea Waziri aondoke ndipo yaishe. Swali lililotupwa nyuma ni hili: iliwezekanaje watu wakamatwe kwa wingi namna ile, wafungiwe, wapigwe, wengine wafe, na Waziri mwenye Polisi na Magereza asipate habari kwa wakati? Mahabusu zile zilikuwa na milango, na milango ilikuwa na walinzi. Kama kila usiku idadi ya walioingia, waliotoka na waliobaki ingeandikwa na kupelekwa kwa mtu mmoja aliye nje ya operesheni, awe Hakimu au mwingine, upungufu wa mtu mmoja ungeulizwa asubuhi. Aliyekufa wa kwanza angeulizwa, na pengine wa pili asingekufa.

Singida nayo haikuepukana na mambo ya namna hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mkoa huu ulitikiswa na mauaji yaliyosemekana kuwa ya watu-simba, na utawala wa kikoloni ukakamata watu na kunyonga wengine. Mauaji ya kutisha huleta hofu, hofu huleta ukamataji wa jumla, na katika ukamataji wa jumla ndipo majina huanza kupotea. Kwa hiyo kitabu chahitajika zaidi siku ile ambayo wananchi wenyewe wamekasirika na hakuna anayetaka kusikia habari za haki za mtuhumiwa.

Majirani zetu wameonja hayo pia. Huko Nairobi, katika miaka ya 1980, watu walizuiliwa katika vyumba vya chini ya jumba la Nyayo House kwa wiki kadhaa pasipo jamaa wala mawakili wao kujua waliko. Waliofikishwa Mahakamani walifika wakiwa wamekonda na kukiri. Nasi Watanzania tusijione tumekwisha kuvuka. Agosti 2024 Chama cha Mawakili Tanganyika kilitoa hadharani orodha ya majina 83 ya watu kilichosema wametoweka au kutekwa. Tunajua kwamba orodha ile ilileta mabishano. Lakini hebu tujiulize kwa nini iliwapasa mawakili, ambao hawana hata selo moja, kukaa na kuandika majina. Mahali ambapo kila mshikwa ameandikwa na kila kituo hutoa hesabu yake, Polisi wangeweza kujibu jina kwa jina siku hiyo hiyo: huyu tunaye, huyu tulimwachia tarehe fulani, huyu hatujapata kumshika. Kitabu kizuri humlinda askari mwema kama kinavyomlinda raia.

Wala si mambo mapya duniani. Mwaka 1773 Mwingereza mmoja aitwaye John Howard alifanywa mkuu wa ulinzi wa jimbo lake la Bedfordshire. Katika jela za huko alikuta watu walioachiwa huru na Mahakama ambao walikuwa bado wamefungiwa kwa sababu hawakuwa na fedha za kumlipa mlinzi wa jela ada yake. Hakupiga kelele kwanza. Alipanda farasi akazunguka jela baada ya jela, akahesabu, akaandika ni wangapi, kwa kosa gani, wanakula nini, na mwaka 1777 akachapisha kitabu. Bunge la Uingereza lilikuwa limekwisha kuanza kutunga sheria kwa ajili ya habari alizolipelekea. Ada ya mlinzi wa jela, kwa maoni yetu, haina tofauti kubwa na barua ya mdhamini tuliyoitaja hapo juu.

Tunafahamu pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni siri na usalama. Hatudai majina yachapishwe gazetini. Mtu ambaye hajahukumiwa ana heshima yake, na kumtangaza ni kumhukumu. Jina ni haki ya jamaa zake na wakili wake wanapofika kuuliza. Umma unahitaji idadi, na idadi ya mahabusu wa Kiomboi haiwezi kumsaidia adui yeyote wa taifa. Ya pili ni gharama na mitambo. Ni kweli kwamba Mahakama imepiga hatua kwa kompyuta, na tangu ugonjwa wa korona uingie mwaka 2020 mashauri mengine husikilizwa mahabusu akiwa gerezani kwa njia ya picha. Tunaipongeza. Lakini kata isiyo na umeme wa uhakika haihitaji kungoja kompyuta. Daftari lenye kurasa zilizopigwa namba na kalamu ya wino vinatosha kuanzia, ilimradi ukurasa usichanwe na Hakimu apite kutia sahihi. Ya tatu, iliyo nzito zaidi, ni kwamba hesabu inaweza kupikwa. Inaweza. Ndiyo maana isitoke mkono mmoja. Gereza litoe yake, Mahakama itoe yake, Polisi watoe yao, na wananchi wazione zote tatu zikiwa pamoja.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi kwa viongozi wa Mkoa wa Singida, bila kungoja waraka kutoka Dodoma. Kila mwisho wa mwezi ibandikwe katika mbao za matangazo za kila wilaya hesabu ya kila gereza na kila kituo cha polisi: wafungwa ni wangapi na mahabusu ni wangapi; katika mahabusu, wangapi wamezidi miezi sita, mwaka mmoja, miaka miwili; wangapi wana dhamana iliyo wazi na hawajaweza kutoka; wanawake ni wangapi, na wangapi wana watoto wachanga nao; na wangapi hawajatimiza miaka 18, ambao kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hawapaswi kabisa kuchanganywa na watu wazima. Waliofia humo nao watajwe idadi. Na ofisi za kata ziandikiwe kwamba chumba kisicho na daftari kisiwekewe mtu hata kwa saa moja.

Tume ya Rais ya Haki Jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu Mstaafu Mohamed Chande Othman na kukabidhi ripoti yake Julai 2023, ilipita nchini ikasikia malalamiko mengi ya ukamataji na ya watu kukaa mahabusu. Wananchi walisema mbele ya Tume. Kinachobaki ni watendaji wa kila wilaya kuonyesha, kwa tarakimu, kama hali inapungua au inaongezeka tangu siku hiyo.

Zipo Kamati za Kusukuma Kesi ambazo huwakutanisha Hakimu, Polisi, Magereza na waendesha mashitaka. Kikao chao kingeweza kuanza kwa jambo moja dogo: Mkuu wa Gereza la Manyoni asome jina la mahabusu aliyekaa muda mrefu kuliko wote, aseme ni siku ngapi, na wajumbe wasiendelee na ajenda ya pili mpaka mmoja wao aeleze faili la mtu huyo liko kwenye kabati la nani. Gazeti hili lina nafasi katika ukurasa huu. Hesabu za wilaya zikiletwa, tutazichapa mwezi kwa mwezi bila malipo, na mwezi ambao wilaya haikuleta tutaacha mahali pake pakiwa peupe, tukiandika jina la wilaya hiyo juu yake.